Bei ya Mbele

Mimi sina subira, na sijawahi kujifanya ninayo. Nikiwa mdogo mama alikuwa ananifukuza jikoni kwa sababu nilifunua sufuria ya mtori kila baada ya dakika mbili kuangalia kama ndizi zimelainika. Kwa hiyo watu wakiniuliza ilikuwaje mtu kama mimi akapewa kazi ya kukaa mbele ya kompyuta iliyotumia waya wa simu, kompyuta ambayo ukurasa mmoja ulifunguka wakati wewe umeshamaliza chai, nawajibu ukweli: hakukuwa na mwingine. Nilikuwa nimesoma kozi ya miezi mitatu mjini Moshi, nina cheti chenye muhuri, na wazee wa kikundi chetu cha kahawa wakaona hiyo inatosha kabisa.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha kaya za mteremko mmoja, upande wa Kibosho, Wakatoliki na Walutheri tumechanganyika. Soko lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wanapanda mlimani na pikapu na mizani, kila mmoja na bei yake mfukoni. Unafika na gunia lako, linapimwa, unaambiwa bei. Ukiuliza kwa nini leo imeshuka, unajibiwa "soko la dunia", na mtu anaangalia pembeni kama vile soko la dunia ni ndugu yake ambaye hataki kumsema vibaya.

Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa suti moja ya kijivu na lafudhi ya Kiingereza aliyoitunza kuliko hiyo suti. Yeye ndiye aliyetushawishi tumenye na kukausha kahawa yetu pamoja, tuipeleke ikakobolewe, tuiuze wenyewe ng'ambo. Akapata mnunuzi Mjerumani aliyekubali kuchukua kontena moja. Tulishangilia, mpaka tulipofika kwenye kifungu cha bei. Bei haikuandikwa. Kiliandikwa kwamba bei itafuata soko la New York, kule ambako watu wananunua na kuuziana kahawa ya miezi inayokuja, na kwamba sisi wauzaji tutachagua wenyewe siku na dakika ya kuifunga. Ila mwisho ni Ijumaa fulani ya mwezi wa kumi. Soko likifungwa Ijumaa hiyo hatujasema neno, mnunuzi atatupangia yeye.

"Safari hii tunataja sisi," Mwenyekiti aliwaambia wanachama kwenye mkutano. Alisema mara tatu, na mara ya tatu alipiga meza. Watu walikubaliana kiwango, kikaandikwa kwenye karatasi: ikifika hapa tufunge, tusiingiwe na tamaa. Karatasi ikaingia mfuko wa shati wa Mwenyekiti na haikutoka humo hata alipokuwa ananawa uso.

Wanachama waliiita bei ya mbele. Mama yangu, ambaye kahawa ya kihamba chetu, shamba la kuzunguka nyumba, ilikuwa humo ndani ya kontena, alinihoji juu yake jioni nzima akiwa anamenya ndizi.

"Kwa hiyo hao watu wanauza kahawa ambayo haipo?"

"Ipo, mama. Ila haijafika."

"Na bei yake inabadilika ikiwa bado iko njiani?"

"Inabadilika wakati wewe unapiga chafya."

"Basi hao watu hawana kazi," akasema, akaendelea kumenya.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja ghorofani mjini Moshi, juu ya duka la vitenge, mwendo wa dakika tano kutoka sokoni. Kulikuwa na meza, viti vinne, kalenda ya kanisa, printa, na ile kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Ilikuwa na kioo kizito ambacho tulikibeba watu wawili na bado tukapumzika katikati ya ngazi. Ili kuona bei ya New York ikiwa inatembea, nilikuwa naiunganisha na waya wa simu, inalia ule mlio wake wa kukwaruza, halafu nafungua programu tuliyoilipia, na namba zinaanza kucheza kwenye kioo. Siku ya kwanza nilipoziona zinacheza nilipiga kelele. Namba nyekundu, namba ya kijani, nyekundu tena, na kila moja ni mtu fulani huko mbali ameinua mkono juu ya kahawa. Nilipenda, sitaficha. Nilipenda kuliko sinema.

Kilichonichosha ni saa. Soko lilikuwa linafunguliwa saa kumi na robo alasiri kwa saa zetu, na kuanzia saa tisa wanachama wawili watatu walikuwa wanapanda ngazi kuja kulitazama. Kwenye kona ya kioo wanakuta imeandikwa 16:15. "Saa kumi na sita na robo? Hiyo saa ya wapi?" Naeleza. Kesho anakuja mwingine, naeleza. Jumatatu ya wiki ya mwisho, mzee mmoja akanifahamisha kwa upole kabisa kwamba mashine imeharibika, kwa kuwa siku haina saa kumi na sita. Nikasema basi, yaishe! Nikafungua mahali pa kurekebisha saa, nikairudisha nyuma saa sita, na kompyuta ikasoma kumi na robo, sawasawa na saa ya ukutani na saa ya mkononi ya kila mtu mjini Moshi. Mzee akasema sasa imepona. Nikajiona fundi.

Wiki hiyohiyo mashine ikaanza vituko. Siku zote ilikuwa nzito, lakini ilikuwa inakwenda. Sasa namba zilicheza mara mbili, zikaganda. Kidude cha buluu chini ya kioo kilianza kujaa polepole kutoka kushoto mpaka kulia, kikijaa namba zinacheza mara mbili, zinaganda tena, na kidude kinaanza upya kushoto. Nilikaa nimekikodolea macho mpaka machozi yakanitoka. Jumanne Mwenyekiti alimpigia mnunuzi kwa simu yake ya mkononi, akisimama dirishani ambako ndiko mtandao ulikuwa unashika, akamsomea bei tuliyokuwa tunaiona. Mnunuzi akamwambia hiyo ilikuwa bei ya nusu saa iliyopita. Mwenyekiti akakata simu, akakaa.

"Binti," akasema, "tunatazama maiti."

Ikabidi tumwite fundi.

Alikuwa kijana wa Kahe, aliyehamia Rau na kufungua kibanda cha kutengeneza redio, kisha televisheni, kisha kompyuta. Wote walimsifia. Hawakuniambia kwamba ni mtu wa taratibu namna ile. Aliingia, akasalimia kila mtu, akaomba maji ya kunawa mikono kabla ya kuigusa mashine, akaifuta kidole kimoja kimoja. Mimi natamani kumshika begani nimtikise. Halafu hakufungua kitu! Alitoa daftari la mistari na kalamu.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Napima, dada. Tusitibu kabla ya kupima."

Akawa anabofya, anatazama saa yake ya mkononi, anaandika sekunde. Anabofya, anatazama, anaandika. Nikamwambia kati yake na hiyo mashine sijui nani mzito. Akacheka, akaandika hata hilo, nadhani.

Jumanne hiyo alipata ugonjwa wa kwanza. Waya wetu wa simu ulikuwa umegawanywa na duka la vitenge la chini, na mama mwenye duka, kila anapotaka kupiga simu, alikuwa ananyanyua mkono wa simu na sisi tunakatika. Nilishuka ngazi mbiombio. "Shikamoo mama. Samahani, hii simu..."

"Marahaba. Ehe, hiyo simu! Hebu niambie, mbona siku hizi nikinyanyua inalia kama panzi ameingia kwenye bati? Nami nimekuwa namwambia halo, halo, hajibu."

Tulicheka mpaka akanikalisha kwenye kiti cha wateja. Akakubali asiguse simu kuanzia saa kumi mpaka jioni kwa wiki hiyo, na akasema tukiuza nimkumbuke. Nilipanda juu nikiwa na uhakika tumepona. Hatukupona. Kukatika kuliisha, kuganda kukabaki.

Jumatano fundi aliifungua mashine, akapuliza vumbi, akaiongezea memori aliyoitoa kwenye kompyuta yake mwenyewe. Akaondoa kila kitu tusichokihitaji, pamoja na samaki waliokuwa wanaogelea kwenye kioo ukiiacha mashine peke yake, na nyimbo za kwaya ambazo Mwenyekiti alikuwa amezihifadhi humo. Mwenyekiti aliziaga kwa heshima. Mashine ikawa nyepesi kweli. Ilifungua barua, ilifungua kurasa, hata fundi alitabasamu. Tukafungua bei: namba zikacheza mara mbili, zikaganda, kidude kikaanza kujaa.

Alhamisi alipitia daftari lake ukurasa kwa ukurasa. Halafu akanieleza jambo ambalo sijawahi kulisahau, na ambalo nimewafundishia watu wengi baadaye. Alisema watu wakiona kompyuta inachelewa wanadhani waya ni mwembamba tu.

"Nyinyi wa juu mnafungulia maji ya mfongo asubuhi," akasema, na mfongo ni ule mfereji tunaoleta nao maji mashambani kutoka mtoni. "Sisi wa Kahe tunayaona huku chini jioni. Mnaweza kuupanua mfongo uwe kama barabara, maji yatakuja mengi, lakini yatachukua muda wake kuteremka. Wingi ni kitu kimoja, kuchelewa ni kingine. Bei ni maji kidogo sana, dada. Kijiko. Waya wenu unaitosha. Tatizo ni kwamba kuna mahali maji yakishafika shambani, mtu anayarudisha mpaka juu yaanze upya."

"Nani?"

"Sijamjua."

Kesho ni Ijumaa! Jua limeshageuka, mvua za vuli zinanguruma huko mlimani, soko liko wazi, bei iko hai huko ilipo, na huyu mtu ananisimulia habari za kumwagilia. Nikalipuka. Nikamwambia mengi, na mengi siyakumbuki, lakini moja nalikumbuka kwa sababu lilinitoka kwa sauti ya juu kabisa: kwamba pengine huko Kahe wanatumia kompyuta za udongo. Mwenyekiti akavua miwani. Fundi akafunga daftari, akapanga vifaa vyake kwenye mkoba kimoja kimoja, akasema kwaheri kwa kila mtu, hata kwangu. Usiku ule nilikula bila kusikia ladha. Mama aliniuliza kama ninaumwa, nikasema ndiyo, kwa sababu kusema nimemtukana mtu asiye na kosa kungekuwa na maswali mengi zaidi.

Ijumaa saa tisa na nusu, nilipofungua mlango wa ofisi, alikuwa ameshakaa kwenye ngazi, mkoba mapajani.

"Umerudi," nikasema.

"Kazi haijaisha," akasema. Hakusema zaidi. Nilitaka kumuomba radhi, lakini Mwenyekiti akafika na suti yake ya kijivu imepigwa pasi kama ya kwenda kubariki ndoa.

Tulipanga hivi. Nitaandika barua pepe fupi kwa mnunuzi kumwambia awe karibu na simu, kwamba leo tunafunga. Kisha Mwenyekiti atampigia, na yeye mnunuzi atamsomea bei moja kwa moja, tusitegemee mashine. Haikuwa njia nzuri. Kwenda New York kwa macho ya mnunuzi ni kama kumuomba mwenye duka akupimie huku mizani imeangalia upande wake. Lakini ilikuwa bora kuliko maiti. Nikaandika, nikatuma saa kumi na dakika ishirini. Tukasubiri kidogo ifike. Mvua ikaanza, na Mwenyekiti akasimama dirishani na kupiga.

Salamu zikachukua muda, nitazifikia. Halafu nikamwona anakunja uso.

"Hapana, bwana," akasema kwa Kiingereza chake cha darasani. "Tumekutumia sasa hivi." Akasikiliza. "Hapana, si asubuhi. Sasa hivi." Akaziba simu kwa kiganja, akatugeukia. "Anashangaa. Anasema barua yetu imefika sasa, lakini imeandikwa imetoka saa nne na dakika ishirini asubuhi kwa saa za Tanzania. Anauliza tulikuwa wapi siku nzima."

Fundi akasema, "Saa nne?"

Mwenyekiti akasema, "Saa nne asubuhi. Kumi na dakika ishirini, kwa saa za Kizungu."

Nilikuwa natazama kona ya kioo. 10:26. Nje ya kioo, ukutani, saa kumi na dakika ishirini na sita. Sisi wote watatu tulikuwa tumeitazama ile namba wiki nzima, fundi akiwa na saa yake mkononi, akiilinganisha sekunde kwa sekunde, na hakuna aliyeona kosa kwa sababu kwetu haikuwa na kosa. Ilikuwa saa kumi. Saa kumi ni saa kumi. Ni kompyuta peke yake ndiyo iliyokuwa inaamini ni asubuhi.

Nikaweka kidole juu ya ile namba.

"Ni mimi," nikasema.

"Nini?"

"Saa. Ni mimi niliyeirudisha. Jumatatu. Nilichoka kuulizwa saa kumi na sita ni saa ngapi."

Fundi alinitazama. Akatazama kona ya kioo. Akatazama saa yake. Halafu akaanza kucheka, na hakuwa mtu wa kucheka kwa haraka, kilianza kama kikohozi, kikapanda, akashika meza kwa mikono yote miwili. "Mtu anayerudisha maji juu!" akasema. "Ni wewe, dada! Ni wewe!"

Akanieleza huku vidole vyake vinakimbia, na sikujua kwamba vidole vile viliweza kukimbia. Kila bei inayotoka New York inakuja na muhuri wa saa yake. Programu yetu inaupokea, inaulinganisha na saa ya kompyuta, inakuta bei imeandikwa alasiri wakati hapa bado ni asubuhi. Inajisemea haiwezekani, nimepotea, ngoja nivute bei zote za leo upya kutoka mwanzo nione nilipokosea. Inavuta zote. Inafika kwenye ya mwisho, inakuta tena inatoka saa ambayo haijafika. Inaanza upya.

"Tulitaka bei ya mbele," Mwenyekiti akasema taratibu, simu bado imezibwa kiganjani, "tukaletewa ya mbele kwelikweli."

"Nisamehe," nikamwambia fundi. "Kwa hili na kwa la jana. Lile la jana lilikuwa baya."

"Kompyuta ya udongo," akasema.

"Ndiyo, lile."

"Kumbe ya Kahe ni ya udongo, ya Kibosho ina saa ya udongo." Akabofya mara ya mwisho. Kona ya kioo ikasoma 16:31. Akafunga programu, akaifungua upya. Kidude cha buluu kikajaa mara moja. Mara moja tu! Kikapotea, na namba zikaanza kucheza.

Jamani. Nimeona watoto wangu wakizaliwa na nimeona mambo mengine mazuri, lakini ile bei ilivyokuwa inacheza, sijui niseme nini. Nyekundu, kijani, kijani, nyekundu, kijani, kijani. Haikuganda. Mwenyekiti alimwomba mnunuzi amsomee ya kwake, naye akasoma, na iliyokuwa mbele yangu ilikuwa ileile, mpaka tarakimu ya mwisho. Mama wa dukani alisikia kelele zangu akapanda ngazi kuuliza nani amefariki.

Mwenyekiti akakata simu ili vocha isiishe, akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya meza. Bei ilikuwa chini kidogo ya kiwango chetu. Tukasubiri. Huo ndio wakati pekee maishani mwangu nilipoweza kusubiri. Mvua inapiga bati la jirani, sisi wanne tumeinamia kioo kimoja, pamoja na mama wa dukani ambaye hakujua tunatazama nini lakini alikuwa anasema "panda, panda, mwanangu" kila ikiwa ya kijani. Saa kumi na dakika hamsini ikagusa kiwango. Ikashuka. Ikagusa tena, ikakipita.

"Sasa," nikasema.

"Inaweza kupanda zaidi," Mwenyekiti akasema. Kidole chake kilikuwa juu ya karatasi.

"Mwenyekiti, imeandikwa hapo tusiingiwe na tamaa. Mwandiko ni wako."

Akavuta pumzi, akaenda dirishani, akapiga. Mnunuzi akapokea. Na Mwenyekiti wetu, mtu aliyelelewa vizuri, akaanza: habari za mchana, bwana. Natumaini hujambo tangu tulipoongea. Na familia? Na hali ya hewa huko kwenu? Kijani, nyekundu, nyekundu. Nikaona bei inarudi kwenye mstari. Huku kwetu kunanyesha, ndiyo, mvua za kwanza, tunamshukuru Mungu. Nyekundu.

"Mwenyekiti, salamu baadaye!" nikapiga kelele.

Fundi akasema kwa utulivu, "Hapo kwenye salamu nilikuwa sijapapima."

Mwenyekiti akastuka, akanyoosha mgongo kama yuko mbele ya darasa, akataja. Alitaja bei yetu kwa Kiingereza, tarakimu moja moja, akairudia, akasema, "Tafadhali funga." Mnunuzi alikuwa anaongea na mtu wake kwenye simu nyingine. Nilikuwa nimeng'ata kitenge cha mama wa dukani, na yeye ameniacha. Halafu Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa mara mbili, akashusha simu.

"Amesema sawa," akasema. "Imefungwa."

Sikumbuki vizuri dakika zilizofuata. Najua nilimkumbatia fundi, kwa sababu alinikumbusha kwa miaka mingi baadaye. Najua Mwenyekiti alikaa kwenye kiti na kufuta miwani ambayo haikuwa na maji. Baada ya nusu saa barua ya uthibitisho ikaingia, printa ikaitafuna na kuitema, na bei yetu ikawa imeandikwa katikati yake. Siku ya mizigo kuondoka bei ya New York ilikuwa imepanda kidogo, nikaona, nikafunga mdomo wangu. Ilishaandikwa tusiingiwe na tamaa.

Usiku ule mvua ilinilaza mjini, na Jumamosi asubuhi nilipanda nyumbani na ile karatasi ya uthibitisho ndani ya bahasha. Anga lilikuwa limeoshwa, migomba inadondosha maji. Mama alikuwa kwenye vichanja vya kukaushia, anageuza kahawa ya mwisho mwisho ya msimu, anaokota zile mbovu na kuzitupa pembeni. Nikampa karatasi. Akafuta mikono kwenye kanga, akaishika kwa mbali kama watu wasioona vizuri wanavyoshika, akapitisha kidole mpaka akaikuta ile namba.

"Hii ndiyo bei?"

"Ndiyo."

"Walituletea jana?"

"Hawakutuletea, mama. Tuliwapelekea sisi."

Akainua macho. "Sema vizuri. Nani alimwambia nani?"

"Mwenyekiti alimpigia simu yule Mzungu. Akamtajia. Mzungu akaandika."

Akairudisha karatasi mkononi mwangu, akageuza kahawa kidogo, akaokota mbili mbovu. Mimi nikasimama pale. Nilitaka aruke, apige vigelegele. Nilidhani hajaelewa, na tayari nilikuwa nimeanza kukasirika.

"Na yeye akasemaje?" akauliza bila kunitazama.

"Akasema sawa."

"Sawa tu?"

"Sawa tu."

"Hakubisha?"

"Hakubisha."

Mikono yake ikasimama juu ya kahawa. "Nimebeba kahawa kichwani tangu nilipoolewa hapa," akasema. "Nimesimama kwenye foleni ya mizani nikiwa na mimba yako. Nimeambiwa bei na wazee, na vijana, na watu wasiojua hata mbuni unachanua lini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia mimi sawa." Akaanza kucheka, na machozi yakamshuka, na hakujali kuyafuta. Akaelekea kwenye uzio wa masale, akamwita jirani kwa Kichagga, kwa sauti ambayo nadhani Mwenyekiti aliisikia kule chini Shirimatunda alikokuwa anaishi. Jirani akaja anakimbia, mikono imejaa unga.

"Mwambie," mama akaniambia. "Mwambie yule Mzungu alivyosema."

Nikamwambia. Jirani akakaa chini kwenye gunia, akasema nirudie.